Dirisha lisilofunguka

Basi lilipunguza mwendo kwenye matuta ya Mkata, wilayani Handeni, na kabla halijatulia mabeseni yalikuwa yameshafika. Mwanamke mmoja alikimbia sambamba na kiti changu, beseni la bluu kichwani, mkono mmoja umeinua neti ya machungwa hadi usawa wa kioo. Midomo ilicheza, sauti sikuisikia. Kioo cha basi lile jipya kilikuwa kimegandishwa kwenye bodi pande zote nne, kiyoyozi kinanipuliza utosini, na skrini ya mbele inaonyesha filamu ya Kihindi iliyotafsiriwa na mtu mwenye pumzi ndefu. Nikamwonyesha viganja vitupu. Akanielewa mara moja, kama mtu aliyekwisha kukutana na vioo vingi siku hiyo, akageuka kulikimbilia basi la nyuma yetu, kuukuu, lenye madirisha ya kusukuma. Mkono wa abiria ukatoka na noti, neti ikaingia. Nilimwonea wivu yule abiria, na nauli yangu ilikuwa kubwa kuliko yake.

Mimi nimeoa Moshi. Wanaojua wanajua: kila Desemba nipo barabarani pamoja na nusu ya Dar es Salaam, na katikati ya mwaka hapakosi msiba, harusi au kipaimara. Barabara hii nimeizoea kwa matunda kuliko kwa vibao vya kilometa. Ukipitia Bagamoyo, Kiwangwa ni mananasi, yamepangwa kwenye vichanja vya miti, na harufu yake inakutangulia. Ukishavuka Wami, Mkata na Kabuku ni machungwa, na embe zikiwa msimuni. Segera ni njiapanda. Kulia Muheza na Tanga, kushoto Korogwe. Mombo ni matunda ya baridi yaliyoteremka kutoka milima ya Usambara. Baada ya hapo ni mkonge, miiba na vumbi jekundu kwa safari ndefu. Ukianza kuona mikungu ya ndizi na parachichi, Himo imekaribia, na wakwe zako wanaanza kupiga simu kuuliza umefika wapi.

Msafiri anaweza kudhani kwamba matunda yanauzwa pale yanapolimwa. Ni kweli kwa sehemu. Lakini angalia vizuri wachuuzi wamesimama wapi. Hawapo mbele ya shamba. Wapo kwenye tuta, kwenye mizani, kwenye kibao cha kilometa 50 kwa saa ambapo kila dereva anajua kuna askari mwenye tochi amejibanza chini ya mwembe. Wapo mahali ambapo konda amezoea kuwashusha watu kuchimba dawa. Biashara hii inakaa palipo na breki, na mchuuzi mwenye akili humsoma dereva kabla ya kumsoma abiria. Kijana mmoja wa Korogwe aliwahi kuniambia kwamba anayajua mabasi kwa honi zake, na kwamba lipo ambalo halikimbilii hata siku moja, kwa sababu dereva wake "ana haraka ya kwenda kuzimu, mjomba."

Dakika zenyewe ndizo zinazopanga kila kitu. Kwenye tuta una nusu dakika. Hapo hakuna kuonja, hakuna kuchagua, hakuna "punguza kidogo dada". Kuna "ngapi?" na "buku mbili!" na basi. Ndiyo maana mzigo wa dirishani unakuja umeshafungwa, fungu la 1,000, neti ya 2,000, sado ya 5,000 (ile ndoo ndogo iliyoanza maisha yake kama kopo la rangi). Vipimo hivyo havikupangwa na mkulima, vimepangwa kwa sura za noti zetu, ili pasiwepo haja ya chenji. Nimechunguza jambo hili kwa miaka na ninalisema kwa uhakika: machungwa yakiadimika, bei ya neti haipandi. Neti ndiyo inayopungua. Abiria anaendelea kutoa noti ile ile ya 2,000, akifika nyumbani ndipo anapohesabu na kunung'unika kwamba machungwa ya siku hizi si kama ya zamani.

Kwenye mizani una dakika tano, labda kumi kama foleni ya malori ni ndefu, na hapo mazungumzo yanawezekana. Kwenye hoteli za njiani, zile ambazo dereva na konda wana sahani yao inayowasubiri, una dakika 20. Huko tunda limekatwakatwa, limewekwa kwenye sahani likiwa na kijiti cha meno, na bei yake imekwenda shule. Sijawahi kulila kwa furaha. Mteja wa hoteli ile ni mateka, na anayemuuzia anajua hivyo.

Tuseme basi lako lina madirisha ya kusukuma, umebahatika, na mabeseni yanakuja. Unachagua nini kwa nusu dakika?

Chungwa, usilikatae kwa ajili ya rangi. Wageni wengi, na hata watoto wetu waliokulia kwenye matangazo ya juisi ya boksi, wanadhani chungwa la kijani ni bichi. Ganda la chungwa huacha ukijani wake likipata usiku wenye baridi. Ukanda wetu wa pwani hauna baridi hiyo, kwa hiyo chungwa la Muheza linaweza kuiva likajaa sukari huku limevaa kijani chake. Libebe mkononi. Kama ni zito kuliko ukubwa wake, na ganda lake ni laini na jembamba, lina maji. Kama ni jepesi na ganda limetutumka, ni pamba hiyo, mwachie mwenyewe.

Nanasi lina sheria moja kali: haliivi likishakatwa. Hakuna wanga ndani yake wa kugeuka sukari baadaye. Likikaa kabatini kwako litalainika, litabadilika rangi, mwisho litachacha, lakini utamu uliopo siku ya kukatwa ndio huo huo. Kwa hiyo mchuuzi wa Kiwangwa akikwambia "hili litaiva ukifika, bosi", anakufariji tu. Linuse kitakoni. Lisilonukia chini halitanukia kamwe. Embe, ndizi, papai na parachichi ni kinyume chake, yanaendelea kuiva yakiwa mbali na mti, na ndiyo matunda ya kumpelekea mtu zawadi. Nunua parachichi gumu kama jiwe, liviringishe kwenye gazeti (hili unaloshika linafaa, ukishamaliza kusoma) pamoja na ndizi moja mbivu. Ndizi hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayoamsha parachichi. Bibi zetu waliovundika ndizi kwenye shimo lenye moto na moshi hawakulijua jina la gesi, ila kazi yake waliijua.

Embe linataka tahadhari zaidi, kwa sababu siku hizi kuna wanaoliharakisha kwa kabaidi, ile ya kuchomelea vyuma. Dawa hiyo ikikutana na unyevu hutoa gesi inayofanana kazi na ethilini, lakini inaweza kuwa na mabaki ya arseniki na fosforasi, vitu visivyotakiwa tumboni mwa mtu. Embe la kabaidi linajisema lenyewe: njano moja tupu kama limepakwa rangi, halina harufu kwenye kikonyo, ukilimenya moyo wake ni mweupe na mgumu. Embe lililoivia mtini, liwe dodo au bolibo, huwa na mabaka, huwa na utomvu mkavu pembeni ya kikonyo, na basi zima linajua kwamba umenunua.

Pasheni iliyokunjamana ni tamu kuliko iliyonyooka. Tikiti maji, tafuta doa la njano pale lilipolalia ardhi. Doa likiwa jeupe, lilivunwa mapema. Fenesi ni tamu mno, lakini mwenye fenesi ndani ya basi lenye kiyoyozi ana kesi ya kujibu.

Na Mombo? Mombo ina sura yake. Juu yako, kwa barabara ya kona inayopita Soni, ipo Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal. Kule juu kunavaliwa sweta, chini hapa Mombo shati linagandamana na mgongo, na umbali kati ya hali hizo mbili ni kama kilometa 30 tu. Plamu, pichi na peasi huteremka asubuhi kwa magari madogo, na Desemba au Januari mabeseni ya Mombo yanakuwa mekundu na ya zambarau. Plamu haisubiri. Ngozi yake nyembamba haipendi joto la Mombo hata kidogo, na ikifika jioni bila kuuzwa, nusu ya beseni inakuwa hasara. Ukipita pale saa kumi alasiri utaona jinsi sauti za wachuuzi zinavyobadilika. Fungu la asubuhi la plamu kumi linakuwa na plamu kumi na tano. Sipendi kumsifu mtu anayesubiri hasara ya mwenzake, lakini nimefanya hivyo zaidi ya mara moja, na plamu zilikuwa nzuri.

Udanganyifu upo, tusijifanye malaika. Nimewahi kufika nyumbani na neti ambayo machungwa ya juu yalikuwa ya kifalme na ya katikati yalikuwa kama ndimu. Nimewahi kuuziwa sado yenye majani makavu chini. Mnunuzi wa dirishani haonekani tena kwa mwaka mzima, wala basi halitarudi nyuma kwa ajili ya embe moja bovu. Cha kushangaza ni kwamba pamoja na mwanya wote huo, neti nyingi ninazonunua ni za haki. Nilimuuliza mama mmoja wa Kabuku kwa nini asiweke mabovu chini, maana nani atamjua. Akacheka. "Baba, wewe huijui sura yangu. Konda anaijua." Konda hupita pale kila siku. Abiria wakilalamika, konda atakuja kumwambia dereva asisimame kwenye beseni lile, na tuta linalofuata lina mabeseni mengine.

La usafi nalo tuliseme bila kuogopeshana. Tunda lenye ganda lake ni salama kuliko maji ya chupa ambayo hujui yalijazwa wapi. Hatari huanza kwenye kisu na kwenye maji ya kunyunyizia. Nanasi na tikiti vilivyokatwa tangu asubuhi, vikafungwa kwenye kifuko kikapigwa jua, mimi sivigusi, na wakati wa mvua, kipindupindu kikitajwa popote mkoani, sitaki hata kuviona. Chungwa lililomenywa kwa mtindo wetu, lile linalobaki na koti jeupe, ni jambo la kati na kati. Koti lile linalinda nyama ya ndani ilimradi kichwa hakijakatwa. Kwa hiyo mwambie: "Usikate kichwa, nitakata mwenyewe." Beba kisu kidogo cha kukunja na kitambaa. Embe bichi lenye chumvi na pilipili nakiri kwamba linanishinda; hapo mimi si mtu wa kupewa ushauri wala wa kuutoa.

Machungwa haya yana safari ndefu kuliko ya msafiri. Muheza mkulima mara nyingi huuza yakiwa bado mtini: mnunuzi anakuja, anazunguka shamba, anakadiria kwa macho, mnakubaliana, na kuanzia hapo mvua, jua na wezi ni vyake. Yakivunwa yanajazwa kwenye magunia ya lumbesa, yale yaliyoshonewa kichwa cha ziada, yanapanda lori, na mengi hayaelekei Dar es Salaam kabisa. Yanavuka mpaka kwenda Kenya. Mkazi wa Nairobi anayenunua machungwa kwenye mkokoteni pembeni ya barabara, mara nyingi anakula Muheza bila kujua. Yanayobaki barabarani kwetu ni yale ambayo mama mmoja mwenye miti michache, au mwenye mtaji wa gunia moja, ameamua kuyatembeza mwenyewe kichwani badala ya kumpa dalali. Ukitoa noti yako dirishani, kati yako na mti kuna watu wawili, labda mmoja. Sokoni mjini sitaki hata kuhesabu.

Sasa biashara hii inabanwa, na hakuna aliyekaa kikao akaamua kuibana. Vioo visivyofunguka ni pigo la kwanza. Tulitaka kiyoyozi, tumekipata, na mchuuzi amebaki na njia moja tu, mlango wa mbele, ambao mwenye nao ni konda. Akipenda, mchuuzi mmoja anapanda kwa dakika mbili kupita katikati ya viti. Wengine kumi wanabaki chini wakitazama. Pigo la pili ni usiku. Kwa takribani miaka 30 mabasi ya mikoani yalikatazwa kusafiri usiku, kwa hiyo yote yalipita Mkata na Mombo mchana kweupe. Tangu Oktoba 2023 yanaruhusiwa saa 24, na abiria wa basi linaloondoka saa tatu usiku anapita kwenye machungwa yote ya Tanga akiwa amefunga macho. Nimeona wachuuzi wachache wakisimama usiku na taa za simu. Wachache.

Wami ni mfano mwingine. Daraja la zamani la mwaka 1959 lilipitisha gari moja moja, na foleni yake iliwachosha madereva na kuwalisha wauza embe. Daraja jipya, refu kupita mita 500, lilianza kutumika mwaka 2022. Tunapita sasa kwa raha, na sijamsikia mtu akitamani kurudi kwenye lile la zamani, ambalo mteremko wake uliua watu wengi. Nami sitamani. Lakini foleni ilipoondoka iliondoka na soko lake, na hakuna aliyekuja kuwaambia wauza embe waende wapi.

Wenzetu wa Kenya waliyaona haya mapema. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilipofunguliwa mwishoni mwa Mei 2017, Mtito Andei, mji uliokuwa ukiishi kwa kusimamisha mabasi katikati ya safari, ulianza kuhesabu abiria waliopita juu ya tuta la reli bila kushuka. Kwetu treni ya umeme ilianza kwenda Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata. Ni nzuri, nimeipanda, ni safi na inafika kwa saa yake. Nilisafiri hadi Dodoma, mji wa zabibu zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, nikashuka bila hata kuona zabibu moja njiani. Nilizinunua mjini, kwenye sinia la mtu, nje ya stendi.

Siombi turudishiwe mabasi ya vumbi. Mtu anayekimbia kati ya magari mawili akiwa na kilo kumi kichwani hayuko salama, na wengi wao ni akina mama wenye watoto mgongoni. Lakini kama halmashauri zinaweza kukusanya ushuru wa kila siku kwenye mabeseni hayo, zinaweza pia kuchonga eneo la kuegesha pembeni ya matuta ya Mkata, kuweka kivuli, choo na bomba la maji, na kukubaliana na wenye mabasi dakika kumi. Dakika kumi za mlango ulio wazi zitauza zaidi ya nusu dakika ya dirisha, na abiria ataweza kulishika chungwa kabla ya kulilipia.

Nawe msafiri, kabla ya kupanda badilisha noti yako ya 10,000 iwe noti ndogo. Nasema hivi kwa sababu ya jambo lililonipata Mombo, Januari moja, basi lilipoanza kuondoka nikiwa na fungu la plamu mapajani na noti kubwa mkononi. Binti aliyeniuzia hakuwa na chenji. Alikimbia hatua chache pembeni ya dirisha, kisha akasimama, akapunga mkono, akasema nitamlipa nikirudi. Nimepita Mombo mara nne tangu siku hiyo, mbili usiku na mbili nyuma ya kioo kisichofunguka. Deni lake ni shilingi 2,000, na bado sijalilipa.